Picha za mikono bila sura: kwa nini hisia haitokei, na wapi pa kuitafuta

Swali la msomaji, mpiga picha wa Mtwara mjini: "Kazi yangu ni harusi na sendofu. Nina kamera yenye lenzi moja ya milimita 50, na simu. Nataka kuandaa picha 12 za mikono tu, bila sura: wachongaji, akina mama wanaobangua korosho, na wazee wetu. Kila nikijaribu, zinatoka ama kama tangazo la mafuta ya kujipaka, ama kama kalenda ya shirika la misaada. Mikunjo ipo, mwanga upo, hisia haipo. Nakosea wapi?"

Ndugu msomaji, umeitafuta hisia kwenye ngozi. Ngozi hueleza umri na kazi, lakini mikunjo ya mkono wa bibi ni ile ile akiwa harusini na akiwa msibani. Kinachobadilika kati ya siku hizo mbili ni nguvu: mkono umebonyeza nini, kwa uzito gani, umelegea wapi, na umebakiza nafasi kiasi gani kabla ya kugusa. Ndiyo maana kiganja cha mtoto mchanga, kisicho na kunjo la maana, kikiwa kimekamata pindo la kanga ya mama yake kinamgusa mtazamaji, na mkono wa mzee wa miaka 90 uliolazwa tu juu ya goti unabaki kuwa picha ya mkono.

Nguvu ina alama zake, na kamera inaziona vizuri. Nyama ya ncha ya kidole hubapa inapokandamizwa. Ukucha uliobonyezwa hupauka sehemu ya mbele na kuiva rangi sehemu ya nyuma. Vidole vikikakamaa, kano za mgongo wa kiganja huinuka na kutupa vivuli vyembamba. Kitambaa kilichokamatwa kweli hutoa mikunjo inayotawanyika kuanzia kwenye vidole. Kisipotoa, huyo mtu anaigiza, na mtazamaji atalihisi hilo hata asipoweza kueleza amejuaje. Kidole gumba kinahitaji jicho la pekee. Mtu mwenye wasiwasi hukificha ndani ya ngumi au hukisugua dhidi ya kidole cha shahada bila kujijua. Mtu aliyetulia hukisahau, kikakaa popote. Picha nyingi za mikono zinazoboa zina gumba lililopangwa vizuri.

Kisha kuna ishara ambazo watu wa Mtwara na Lindi huzisoma bila maelezo: kushika tama, mikono kichwani, kidole mdomoni kwa majuto, viganja vilivyoinuliwa kwa dua, kupokea kitu kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukigusa kiwiko. Hizi ni mali yako, mpiga picha wa kutoka mbali hana. Ila zina mtego. Ishara iliyokamilika husomwa haraka mno: mtazamaji anasema "anaomboleza" na kupita. Piga ishara ikiwa inaanza au inaisha. Viganja vinavyoshuka kutoka kwenye dua, kabla havijaufikia uso, vina mengi kuliko viganja vilivyotulia juu. Mkono unaoachana na shavu baada ya kushika tama bado umebeba uzito wa kichwa, na vidole huchelewa kunyooka.

Tazama picha maarufu ya Dorothea Lange aliyoipiga mwaka 1936 kule Nipomo, California, ya mama mhamiaji na watoto wake. Wengi hukumbuka uso. Sasa tazama mkono wa kulia: vidole vinagusa tu upande wa taya, havibebi kichwa. Angeegemeza kichwa chote kiganjani tungeona uchovu. Kwa kuwa kimeguswa kidogo tu, tunaona mtu anayewaza hatua ya pili. Jambo jingine katika picha hiyo ni la kiufundi: pembeni chini kulikuwa na kidole gumba cha mkono mwingine ulioshika mti wa hema, na Lange baadaye akaamuru kifutwe kwenye negativu. Wengine walilaumu uamuzi huo, lakini sababu yake inaeleweka kwa yeyote anayepiga mikono: kipande cha kidole kisicho na mwili huvuta jicho kuliko uso mzima. Kagua kona zote nne za fremu kabla ya kubonyeza.

Tina Modotti alipiga huko Meksiko, mwaka 1927, mikono ya kibarua iliyopumzika juu ya mpini wa sepetu, mmoja juu ya mwingine. Hakuna uso wala mandhari. Kinachobeba picha ni kwamba mikono imepumzika bila kuachia. Alfred Stieglitz naye, kuanzia 1917, alipiga mikono ya mchoraji Georgia O'Keeffe kwa miaka mingi, na mara nyingi aliipa kazi ya kufanya: kushona, kushika kitambaa, kugusa mkono wa pili. Wote hawa waliutafutia mkono kitu cha kukutana nacho.

Kuhusu hofu yako ya kalenda ya misaada, mfano wa karibu ni picha ya Mike Wells ya 1980 kutoka Karamoja, Uganda: mkono wa mtoto mwenye njaa ukiwa ndani ya kiganja cha mmisionari. Ilishinda tuzo ya picha bora ya mwaka ya World Press Photo, na Wells mwenyewe alipinga kushinda tuzo kwa picha za watu wanaokufa njaa. Picha ile ina nguvu kwa sababu mikono miwili imekutana na tofauti yake haihitaji maneno. Picha za kalenda zimeiga nusu yake tu: mkono mkavu, kiganja juu, peke yake, unangoja kupewa. Kama unataka kutoka huko, sheria yangu ni fupi. Usipige kiganja kilicho wazi na kitupu, labda kiwe cha dua au kinapepeta kitu.

Mwanga wa huku

Mtwara na Lindi zipo karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, hivyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu tarehe 20 Oktoba na tena karibu tarehe 22 Februari. Oktoba ndiyo hiyo hiyo msimu wa korosho umepamba moto. Ukipiga mikono uani saa sita mchana wa Oktoba, mwanga unashuka wima, vifundo vya vidole vinang'aa, viganja vinazama gizani, na kano ambazo ndizo zenye hisia zinafutika. Mwanga unaofaa mikono hutoka ubavuni na huteremka kidogo, ili kila kano na kila ukingo wa ukucha uwe na upande wa nuru na upande wa kivuli.

Mlango ndio studio yako. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari jua la mchana liko upande wa kusini, kwa hiyo mlango au dirisha linalotazama kaskazini hutoa mwanga laini usioingiliwa na jua kali siku nzima. Mwezi Juni ni kinyume: tafuta unaotazama kusini. Mkalishe mtu ndani, karibu mita moja kutoka kizingitini, ubavu wake ukielekea mlangoni. Akikaa kizingitini kabisa, mkono ulio upande wa nje utaungua na wa ndani utapotea. Anza na tundu la lenzi f/5.6 (namba ikikua, tundu linakuwa dogo), kasi ya 1/125 ya sekunde na ISO 800, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, kisha rekebisha.

Upande wa kivuli una uamuzi mmoja tu, nao hubadilisha hisia kuliko lenzi yoyote. Ukitundika shuka jeupe sentimita 40 hivi kutoka mikononi, vivuli vinafunguka na mkono unakuwa mpole. Ukitundika kaniki mahali hapo hapo, inanyonya mwanga unaorudi kutoka ukutani, vivuli vinakuwa vizito na kano zinajitokeza. Kaniki ni ya bei ndogo na kazi yake ni ile ile ya vitambaa vyeusi vya studio. Kwa mikono ya huzuni au ya mvutano anza nayo.

Angalia pia rangi inayorudi. Turubai la bluu au la kijani, ambalo kila anayeanika korosho au ufuta anao, hupaka upande wa chini wa mikono rangi yake, na kwenye ngozi nyeusi rangi hiyo hujificha usiione hadi unapofungua picha kwenye kompyuta. Kanga nyekundu hufanya hivyo hivyo. Ukuta wa udongo mwekundu hupasha mkono rangi kwa namna inayopendeza, mimi huo siusumbui. Kama utageuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, rangi hizi hazikuumizi sana.

Kupima mwanga kwenye ngozi nyeusi

Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kinachokiona ni kijivu cha wastani. Mikono myeusi mbele ya chumba chenye giza huidanganya kamera iongeze mwanga, ngozi inapauka na kucha zinaungua. Punguza kwa theluthi mbili ya stopu hadi stopu nzima (stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili au kuukata nusu). Mikono hiyo hiyo juu ya chumvi nyeupe, mchanga au kanzu hutoka kama kivuli kitupu. Ongeza stopu moja hadi moja na theluthi mbili. Sehemu za kwanza kuungua ni ukucha, pete, na ngozi yenye mafuta, kwa hiyo washa onyo la mwanga uliozidi na uzitazame hizo, usiridhike na muonekano wa picha nzima kwenye kioo kidogo.

Viganja ni jambo jingine. Kwa mtu mweusi, kiganja huwa cheupe kuliko mgongo wa mkono kwa stopu nzima au zaidi. Ukipima kwenye mgongo kisha mikono ikafunguka kwa dua, viganja vitaungua. Katika tendo lolote ambalo mkono unageuka, pima kwenye kiganja na upige faili ghafi (RAW), halafu uinue vivuli nyumbani.

Usiwaambie watu wanawe mikono wakakauka, wala usiwapake mafuta. Ngozi iliyotoka kuoshwa kwa sabuni hupauka ndani ya dakika chache, na mafuta hukuletea tangazo unalolikimbia: vimulimuli vidogo kila mahali, jicho linaruka kutoka kimoja hadi kingine na kuupoteza mguso. Kama mkono umepauka mno, maji kidogo yaliyopanguswa kwa kitambaa yanatosha. Kama mtu amejipaka mafuta yake ya nazi asubuhi kama siku zote, mwache hivyo hivyo na usogeze mwanga kidogo nyuma zaidi, vimulimuli vihamie ukingoni mwa mkono.

Lenzi uliyo nayo inatosha

Milimita 50 nyingi hukubali kusogea hadi sentimita 35 au 45. Tatizo ni tundu lililofunguliwa mno. Ukiwa sentimita 60 kutoka mkononi kwa f/1.8, kwenye kamera ya sensa kubwa ("full frame"), eneo lililo wazi lina unene wa karibu sentimita 1.5 tu. Ncha ya kidole inakuwa kali, kifundo kimeyeyuka. Hapo hakuna uhusiano tena kati ya vidole na kile kilichoshikwa, na uhusiano ndio ulikuwa picha. Kwa f/8 unene huo unafika kama sentimita 6, nao hubeba mkono uliokunjwa na kitu chake. Mimi naona f/5.6 hadi f/8 ndiyo makazi ya picha za mikono. Ukungu wa nyuma uupate kwa kumsogeza mtu mbali na ukuta mita mbili, si kwa kufungua tundu.

Fokasi iwekwe pale mkono unapogusana na kitu, hata kama ukucha ulio karibu nawe utalegea kidogo. Kamera yenye akili ya kutafuta macho haitakusaidia hapa; itahangaika na kitufe cha shati. Chagua nukta moja mwenyewe.

Kwenye simu, lenzi kuu ni pana, sawa na milimita 24 hadi 28. Ukisogea sentimita 20, vidole vilivyo mbele vinavimba na mkono unakuwa wa katuni. Rudi nyuma hadi sentimita 60 au 70 na utumie ukuzaji wa mara mbili (2x). Zima kile kipengele cha kutia ukungu nyuma ya mtu: programu hukosea kwenye nafasi kati ya vidole, inaila ncha moja na kuacha kipande cha ukuta kikiwa kikali kati ya vidole viwili. Kisha bonyeza na ushikilie kidole kwenye kioo mpaka fokasi ifunge, na uvute mwanga chini kidogo.

Pa kukata: usikate mkono kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Mkono uliokomea pale huonekana umekatwa kweli, na hilo ndilo linalozifanya picha nyingi kuwa na harufu ya hospitali. Acha nusu ya kigasha, yaani sehemu ya kati ya kiwiko na kiganja, iingie, au ufiche mwisho wa mkono ndani ya kanga, mkono wa shati, au giza. Usikate vidole kwenye viungo vyake. Na kila inapowezekana, piga mkono ukiwa ubavu kuliko mgongo ukiwa umebapa mbele ya kamera. Ukiwa ubavu, nafasi kati ya vidole huonekana, na umbo husomeka hata kwa mtu aliyesimama mbali na ukuta wa maonesho.

Wachongaji, wabanguaji, wazee

Mchongaji wa Kimakonde anakupa ugumu mmoja wa wazi: mkono mweusi juu ya mpingo mweusi. Njia nyepesi ni kumwahi kazi ikiwa katikati. Mpingo una nyama ya nje nyeupe inayoelekea manjano, na kiini ndicho cheusi. Gogo ambalo bado lina mabaka ya ule weupe huutenga mkono kutoka kwenye mti bila taa yoyote. Kazi ikishakamilika na kung'arishwa, utahitaji mwanga wa kutoka nyuma kidogo ili uchore ukingo wa vidole. Mapigo ya tezo yanahitaji 1/500 ukitaka kuyagandisha, lakini nakuonya: tezo lililoganda hewani ni picha ya kazi na haina hisia. Hisia ipo kwenye msasa na kwenye kidole gumba kinachopita juu ya mti kutafuta mkwaruzo. Hapo shusha kasi hadi 1/15, kamera ikiwa juu ya tripodi au gunia la mchanga, ndani ya banda na siyo nje. Kinyago kitakaa kikali na mkono utayeyuka. Ukiona kila kitu kimeyeyuka, gogo lilikuwa linatikisika. Wachongaji wengi hukaa chini na kulibana gogo kwa miguu, kwa hiyo usiikate miguu nje ya fremu bila kufikiri. Vidole vya miguu vinavyobana vinaonesha jitihada kuliko mkono ulioshika patasi.

Na kabla hujapiga, kitazame kinyago cha ujamaa alichonacho pembeni. Watu wamepandana, na kila mmoja amemshika mwenzake mahali fulani. Zungusha kinyago polepole ukifuata mikono tu. Mchongaji ameshaamua mkono upi unabeba, upi unaegemea, upi unagusa tu, na ndiyo maamuzi unayotakiwa kuyafanya wewe kwa kamera.

Kwa wabanguaji, jua kwanza kwamba ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi. Wengi hujipaka majivu au mafuta ya kupikia kujikinga, na bado ncha za vidole huwa nyeusi kwa madoa yasiyotoka kwa sabuni. Madoa hayo ndiyo kila mpiga picha huyakimbilia, nayo ndiyo hukupeleka kwenye kalenda. Yaache yawepo, usiyafanye mada. Mada iko kwenye tofauti ya mikono miwili: mmoja unapiga au unasukuma mkono wa mashine kwa nguvu, mwingine unaitoa punje kwa upole ili isivunjike, kwa kuwa punje nzima ndiyo yenye bei. Nguvu na tahadhari katika mwili mmoja, kwa wakati mmoja. Tumia 1/250 kugandisha mkono wa punje, na uuache ule mwingine utikisike kama utatikisika. Simama upande upepo unakotoka, moshi wa kukaangia usikujie, na usiipanguse lenzi kwa kitambaa ulichokikuta hapo. Mafuta yale hushika kwenye kioo na kwenye macho yako.

Wazee hawahitaji ufundi mwingi, wanahitaji muda. Mkono unaotetemeka unataka 1/250 au zaidi kama unauhitaji mkali. Lakini upo uamuzi wa pili: 1/8 kwenye tripodi, mkono ukiwa umeshika kikombe kilichokaa juu ya meza. Kikombe kinakuwa kikali, vidole vinakuwa na kivuli chao wenyewe. Hiyo ifanye kwa ridhaa, na muoneshe mwenyewe picha kabla hujamwonesha mtu mwingine.

Ukipata nafasi ya akina mama wa mwani au wa pweza, kupwa kwa bamvua kwenye pwani hii huangukia saa tatu na saa nne asubuhi hivi, jua likiwa tayari juu. Kinachookoa ni maji yenyewe, hurudisha mwanga kutoka chini na kufungua viganja. Mashamba ya chumvi pia hurudisha mwanga, tena kupita kiasi, na mikono hubapa. Huko nenda karibu na machweo au usiende.

Namna ya kumwongoza mtu

Ukimwambia mtu "onesha huzuni kwa mikono", atakupa mchezo wa kuigiza. Mpe uzito: kitu cha kushika ambacho ni chake, chenye historia naye, kama kofia ya marehemu mumewe, patasi ya kwanza, kanga ya binti aliyeolewa mbali. Muulize habari za kitu hicho, na upige mikono wakati anajibu, uso wako ukiwa juu ya kamera, unamtazama machoni. Kwa hiyo kamera iwe tayari kwenye tripodi, fokasi imefungwa, kidole kwenye waya wa kupigia au kwenye kipiga mbali. Mtu akiona lenzi inaitazama mikono yake, mikono inajitambua na kukakamaa: vidole hujipanga kwa nafasi sawa, gumba linajificha. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba umepoteza. Mpe kazi ndogo, akunje kitambaa au achambue mchele kwenye ungo, na baada ya dakika chache mikono itajisahau.

Picha bora mara nyingi ni ya sekunde chache baada ya tendo. Mtu anaweka chombo chini, na mikono haijui pa kwenda. Wapiga picha wengi huwa wameshashusha kamera. Wewe endelea kupiga.

Mambo ya heshima ni mafupi lakini hayana mjadala. Jando na unyago si vya kupigwa picha, hata mikono tu, hata ukialikwa na mtu mmoja. Msibani omba ruhusa kwa wenye msiba, si kwa jirani. Usidhani kwamba bila sura mtu hajulikani: kovu, pete, chale au kidole kilichopungua humtambulisha kijijini kwake papo hapo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Andika ridhaa kwenye karatasi, kwa Kiswahili chepesi, ikitaja kwamba picha zitaoneshwa hadharani na kama zitauzwa, na umpe nakala.

Kusafisha, kuchagua na kuchapisha

Ukigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, rangi ya kahawia ya ngozi huishi zaidi kwenye nyekundu na machungwa. Ukizipandisha rangi hizo, mkono unang'aa na madoa yanalainika. Ukizishusha, mishipa na makovu yanatoka, ngozi inakuwa nzito. Sogeza kwa kiasi kidogo, kwa sababu rangi ya bluu ikitawala, chembechembe hujaa kwenye vivuli. Kitelezi cha kukoleza mikunjo na vinyweleo vya ngozi ("Texture" au "Clarity" kwenye programu) kiache karibu na sifuri. Kwenye mikono ya wazee kikipita 20 unapata gome la mkorosho, na hapo umerudi ulikotoka, kwenye ngozi.

Picha ya simu ya piseli 4000 kwa 3000 inachapika vizuri hadi sentimita 34 kwa 25 kwa nukta 300 kwa inchi, na hadi 42 kwa 32 kwa nukta 240. Kwa maonesho, pendelea mkono utoke ukubwa wake wa kweli au kuzidi kidogo tu. Mkono wa mtu mzima una urefu wa sentimita 18 hivi, kwa hiyo karatasi ya 30 kwa 40 inautosha pamoja na hewa ya pembeni. Ukubwa wa bango huondoa ule ukaribu. Chagua karatasi isiyong'aa, na uongeze mwanga kwa theluthi ya stopu kuliko unavyoona kwenye kioo, maana vivuli vya ngozi nyeusi huzama kwenye karatasi. Piga kwanza kipande kidogo cha majaribio chenye kivuli kizito zaidi cha picha zote. Hewa ya pwani ina unyevu: weka fremu ya karatasi nene kati ya picha na kioo visigusane, la sivyo vitashikana na ukungu utaingia.

Kwa zile 12, chapisha kama 40 za sentimita 10 kwa 15 na uzimwage mezani. Ondoa kwanza zote ambazo mkono haujakutana na kitu. Kisha zitenganishe kwa nguvu: zinazobana, zinazoshika kwa upole, zinazoachia, zinazokaribia kugusa. Ukikuta fungu la kwanza lina 25 na la mwisho lina mbili, umeshajua wiki zijazo upige nini. Usiweke pamoja picha mbili zenye mikono iliyoelekea upande mmoja, na usilundike wachongaji mwanzo na wazee mwisho. Mkono unaobana patasi ukikaa jirani na mkono unaoachia kikombe, kila mmoja hueleza zaidi kuliko ukiwa na wa aina yake. Ziache mezani siku chache, na waite watu wawili wasio wapiga picha wakuambie nani amefanya nini katika kila moja. Ile ambayo wataanza kwa kusema "mzee" au "maskini" kabla hawajataja tendo lolote, itoe.